Mama Mkwe na Swichi ya Ukutani

Katika jengo lile la kampuni ya bima hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Zima-Washa, naye aliitika, maana jina alilipata kwa haki. Miaka yote aliyohudumia kompyuta za mezani, dawa yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo. Ukimpigia simu kwamba skrini imeganda, atakuuliza kama umeizima ukaiwasha. Ukimwambia printa inatafuna karatasi, atakuuliza hivyohivyo. Dada wa madai, ambaye dawati lake lilikuwa na mikosi kuliko madawati yote ya ghorofa ya pili, alisema siku moja kwamba akishikwa na homa hatakwenda zahanati, atamngoja Zima-Washa aje amzime na kumwasha.

Usimcheke. Mara nyingi dawa ilifanya kazi, na watu walimpenda kwa sababu hiyo. Akiingia na begi lake la bisibisi na nyaya, nyuso zilichangamka. Alitambaa chini ya meza, akatoka na vumbi kichwani na chingamu ya mtu fulani kwenye goti la suruali, akapangusa mikono, na kazi ikaendelea. Lakini magoti yana ukomo wake. Kuna siku alitambaa chini ya meza ya mhasibu akashindwa kutoka, ikabidi mhasibu amvute kwa mikono miwili kama anayeng'oa muhogo. Walicheka wote wawili, ila yeye alicheka huku anawaza.

Alikuwa akiiwaza ghorofa ya juu kabisa. Huko, nyuma ya mlango wa chuma, ndiko zilikokaa seva, zile mashine zinazobeba mafaili ya wateja, barua pepe, mishahara, kila kitu. Kompyuta ya mezani ikifa, mtu mmoja anapata nafasi ya kunywa chai. Seva ikifa, kampuni nzima inakunywa chai, na mkurugenzi anapanda ngazi mwenyewe kuuliza kulikoni. Aliyezitunza alikuwa bwana mmoja mrefu, mkavu wa maneno, aliyevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya chumba kile. Walimwita Bwana Sweta. Alikuwa na msaidizi, msaidizi akapata kazi kwingine, na nafasi ikabaki wazi.

Zima-Washa alipiga moyo konde akapanda kuiomba. Bwana Sweta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Seva imegoma. Utafanya nini?"

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiri. "Nitaizima, niiwashe."

Bwana Sweta alimtolea macho. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena, labda akitumaini kwamba atamkuta mtu mwingine pale mbele yake.

"Dada yangu," alisema, "seva haizimwi. Ukiizima umewazima watu wote waliomo ndani yake. Seva unaikalia, unaisikiliza, unatafuta inapoumwa, unaitibu ikiwa macho. Haizimwi."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, lakini utaelewa. Kuna mtihani wa cheti cha usimamizi wa seva. Si wa kuchagua jibu kati ya manne. Wanakupa mashine, wanakupa kazi za kufanya, unazifanya. Ukija na hicho cheti nitakutetea kwa mkurugenzi, kiti cha msaidizi kitakuwa chako. Mwaka wa hesabu ukifungwa huna cheti, wataleta mtu kutoka nje, na mimi sitakuwa na la kusema."

Alishuka ngazi magoti yakimlia, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo kiti kingine ndani ya jengo lile ambacho angeweza kukikalia.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe kinyozi, na mama mkwe. Mama mkwe alihamia kwao baada ya kustaafu ukunga, na alikuja na masharti yake. Chai isipashwe mara mbili. Yeye asiulizwe anakwenda wapi. Na kubwa kuliko yote, umeme. Huko alikokaa zamani waya uliwahi kuungua ukutani, na tangu hapo hakuuamini umeme hata chembe. Kila alipotoka, hata kama ni kwenda kwa jirani kuomba chumvi, alipita ukutani akizima swichi moja baada ya nyingine, hata ya friji akijisahau.

Sasa ingiza seva katika nyumba ya mwanamke huyo. Ofisi ilimruhusu Zima-Washa achukue kompyuta moja kuukuu stoo, miongoni mwa zilizostaafishwa, akaigeuza kuwa seva ya mazoezi. Aliiweka sebuleni chini ya televisheni, kwa kuwa ndiko kulikobaki tundu la umeme. Ili watu wa nyumbani wavumilie mlio wake, aliipa kazi ya maana. Aliipakia tamthilia za mama mkwe, zote, tangu kipindi cha kwanza, akaiunganisha na televisheni kupitia kisanduku cha intaneti. Mama mkwe aliipenda siku hiyohiyo. Jioni anakaa, anabonyeza rimoti, na yule bibi tajiri wa kwenye tamthilia anatokea kuendelea kumtesa mke wa mwanawe. Mama mkwe alimchukia bibi yule kwa moyo wake wote.

"Wako wanawake wabaya dunia hii," alimwambia Zima-Washa huku akitikisa kichwa. "Hebu kaniletee chai. Na usiipashe."

Taabu ilikuwa moja. Mchana mama mkwe anazima swichi, anatoka. Akirudi anawasha, mashine inaamka na kunguruma, lakini tamthilia hakuna. Hapo simu inalia ofisini.

"Mwanangu, mashine yako imewaka lakini tumboni haina kitu."

"Umezima tena, mama?"

"Nilitoka kidogo."

Zima-Washa akifika nyumbani anaketi mbele ya mashine hata kiatu hajavua, anaandika amri mbili tatu, anaunganisha diski ya tamthilia, anaamsha huduma, ile programu ya kuzirusha kwenye televisheni, na bibi tajiri anarudi na vituko vyake. Dakika chache tu. Wala hakujiuliza kitu. Kwake yeye tatizo lilikuwa mama mkwe, mashine haikuwa na kosa.

Saa za chakula alipanda kwa Bwana Sweta, akala mkate wake kwa mkono mmoja na kujifunza kwa mkono wa pili. Bwana yule alikuwa mchoyo wa sifa, lakini wa maarifa hakuwa mchoyo. Alimfundisha kusoma kumbukumbu za mashine, kujua nani kaingia na kafanya nini, kugawa diski, kumpa kila mtu ruhusa inayomstahili na si zaidi. Na kila siku, kama mtu anayemalizia sala, alimkumbusha kwamba seva haizimwi. Maneno yalimwingia damuni. Hata huko chini kwenye madawati alianza kubadilika. Kompyuta ikiganda, badala ya kuizima alikaa nayo, akaihoji, akaipekua.

"Siku hizi unanichunguza kama polisi," dada wa madai alilalamika. "Mimi nina wateja hapa. Si uizime tu?"

"Hapana. Nataka kujua inaumwa nini."

"Inaumwa uzee. Izime."

Mtihani ulipokaribia, Zima-Washa aliona ni wakati wa kukomesha mchezo wa nyumbani. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa SEVA HAIZIMWI, akaibandika juu ya swichi. Mama mkwe alivaa miwani, akasoma, akavua, akamgeukia.

"Na nyumba ikiungua?"

"Haitaungua, mama. Naomba hadi mtihani upite tu."

Kinyozi alikuwa amekaa katikati yao, akijitia hamnazo, akisoma maelezo ya kopo la mafuta ya nywele kana kwamba ni mkataba wa ardhi. Mama mkwe alikubali kwa shingo upande. Tangu siku hiyo swichi haikuguswa, mashine haikulala, tamthilia hazikukatika, na amani ikarudi sebuleni. Zima-Washa aliamini kwamba ameshinda.

Siku ya mtihani alikaa mbele ya skrini katika chumba kidogo chenye msimamizi mmoja na saa ya ukutani. Alisoma maelekezo upesiupesi, kama tunavyosoma wote maelekezo, akaingia kazini. Kila kazi waliyompa aliijua. Tengeneza watumiaji, akatengeneza. Unganisha diski, akaunganisha. Amsha huduma ya kugawa mafaili, akaiamsha, akaijaribu, ikajibu vizuri. Alimaliza muda ukiwa bado upo. Alisimama, akamshukuru msimamizi, akatoka nje akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Jioni ile kinyozi aliwatangazia wateja wote kwamba mkewe sasa ni mkuu wa seva, na mzee mmoja akanyolewa bure kwa furaha hiyo.

Majibu yalikuja. Amefeli.

Aliyasoma mara ya pili, akidhani yamekosewa. Yalionyesha alama kwa kila sehemu, na katika sehemu ya diski na ya huduma hakupata kitu kabisa. Sifuri. Kama angekosea hapa na pale angeelewa, lakini kupata sifuri kwa kazi aliyoifanya na kuijaribu kwa mikono yake mwenyewe, hilo halikumwingia akilini. Alipanda ngazi uso umemshuka, akamwonyesha Bwana Sweta.

"Wamebadilisha mashine yangu na ya mtu mwingine," alisema.

Bwana Sweta alisoma polepole. "Ile huduma uliiamsha?"

"Niliiamsha. Ilikuwa inafanya kazi."

"Uliiambia iamke yenyewe mashine ikiwashwa?"

Zima-Washa aliitazama tena ile sifuri.

"Kuiamsha sasa hivi ni amri moja," alisema Bwana Sweta. "Kuiagiza iamke yenyewe kila mashine inapowaka ni amri nyingine. Na diski hali kadhalika, usipoiandika mahali mashine inaposoma inapoamka, itaisahau. Hawa watu wa mtihani wanasahihisha baada ya kuzima mashine na kuiwasha. Imo kwenye maelekezo."

Kisha kitu ambacho ghorofa ile haikuwahi kukiona kilitokea. Bwana Sweta alianza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, akashika meza, machozi yakamtoka.

"Zima-Washa wa kampuni nzima," alisema alipoweza kusema, "umefelishwa na kutozima na kuwasha."

Yeye hakucheka. Bwana Sweta aliona, akajirudi haraka, akamvutia kiti.

"Nisamehe. Nusu ya kosa ni langu, nimekuimbia wimbo mmoja mpaka ukasahau nyimbo nyingine zote. Na nikwambie la ndani kabisa. Unaiona ile ya kule kona? Sijaizima tangu binti yangu ananyonya, na sasa ana mchumba. Unadhani ni kwa sababu ya watu waliomo ndani? Naogopa nikiizima haitarudi. Wala sijui kama vitu vyangu vinaamka vyenyewe. Nenda ukarudie mtihani. Kabla hesabu hazijafungwa ipo nafasi moja."

Alirudi nyumbani amechoka mwili na roho. Njiani alipita mbele ya kibanda cha kinyozi, akamwona mumewe kupitia dirishani anamweleza mteja jambo kwa mikono miwili, akajua ni yeye anayeelezwa, akapita upande wa pili wa barabara. Sebuleni alikaa kwenye kochi akalia. Alilia kwa aibu, na kwa magoti yake, na kwa kile kiti cha juu kilichokuwa karibu kabisa na mkono wake. Mama mkwe aliizima televisheni, jambo ambalo bibi tajiri hakuwahi kufanyiwa katikati ya ugomvi.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Nimefeli."

Alimweleza kisa chote. Kwamba mashine alizitengeneza vizuri, lakini walipozizima na kuziwasha zikasahau kila kitu mpaka mtu aje azishike mkono. Mama mkwe alisikiliza, mikono kiunoni.

"Sasa mimi nimekuwa nikikuambia nini muda wote huu?" alisema. "Kila siku nakupigia simu. Imewaka, tumboni haina kitu. Unakuja unaipulizia pumzi unaondoka. Mimi nimezalisha watoto sijui wangapi. Mtoto hapewi mama yake aende naye nyumbani mpaka nimwone anapumua mwenyewe. Akiwa anapumua kwa sababu mimi nampulizia, huyo bado yuko mikononi mwangu."

Zima-Washa alimtazama. Akaitazama mashine. Akatazama ile karatasi yake ya herufi kubwa. Kumbe miezi yote ile mtihani ulikuwa ukifanyika hapa sebuleni, mtahini anampigia simu kumpa majibu, naye anamgombeza mtahini. Alianza kucheka huku machozi hayajakauka. Aliinuka, akabandua karatasi.

"Mama, zima."

"Mimi? Ili nilaumiwe tena?"

"Zima, mama. Zima wakati wowote ukitaka. Usiniambie, usinionee huruma."

Mama mkwe alimkagua kuona kama ana homa. Alipohakikisha hana, alikwenda ukutani, akainua kidole, na akaibonyeza swichi kwa raha ya mtu aliyerudishiwa haki yake.

Kazi ile aliifanya kwa moyo. Alizima akienda kwa jirani na akitoka kwa jirani. Alizima katikati ya chakula. Alizima wakati Zima-Washa anaoga, akamwita aje aone. Jioni anakaa kwenye kiti chake na rimoti mkononi, mkali kama mtahini wa chuo, na tamthilia isipotokea anatangaza, "Huyu hapumui," na mkwewe anakaa chini kutafuta kwa nini. Siku ya kwanza hakuna kilichoamka. Siku zilizofuata diski iliamka lakini huduma ikalala. Kisha vyote vikaamka. Bibi tajiri alipotokea mwenyewe kwa mara ya kwanza bila mtu kugusa kibodi, mama mkwe alimkumbatia mkwewe mpaka rimoti ikaanguka.

Furaha hiyo haikudumu. Tamthilia zikawa zinatokea leo, kesho hazitokei, na Zima-Washa hakuona tofauti kati ya siku na siku. Aliyeiona ni mama mkwe.

"Nikianza na swichi ya mashine, hakuna kitu," alisema. "Nikianza na ya kile kisanduku cha intaneti, nikangoja taa zake zitulie, tamthilia zinatokea. Inaelekea hii yako inaamka inaita watu, inakuta wamelala, inakata tamaa."

Ilikuwa hivyohivyo. Mashine iliamka upesi kuliko mtandao, ikaitafuta njia isiione, ikanyamaza moja kwa moja. Zima-Washa aliifundisha kungoja. Alipomweleza Bwana Sweta aliyegundua, bwana yule aliuliza kwa heshima kama mama ana mpango wa kurudi kazini.

Kinyozi alikuwa na sharti moja tu safari hii, na alijiwekea mwenyewe. Aliapa kwamba hatamwambia mteja hata mmoja. Wateja walisema kwamba uso wake wakati ule ulikuwa wa mtu anayebana chafya.

Siku ya mtihani wa pili alisoma maelekezo neno kwa neno, tena akayarudia. Alifanya kazi bila haraka. Kila alichokiamsha alikiagiza kiamke chenyewe, kila diski aliiandika mahali pake. Alipomaliza alitazama saa. Muda ulikuwepo, si mwingi. Sasa ilibaki kuzima na kuwasha.

Mkono ulimgomea. Umewahi kupanga vyombo vizuri kabatini kisha ukaambiwa ulitikise kabati uone? Kazi yote ilikuwa imesimama pale mbele yake, nzuri, inajibu. Akiizima na isirudi, hana pa kushika, na nafasi nyingine hakuna. Akiiacha, wao wataizima. Alisikia sauti ya Bwana Sweta, haizimwi, haizimwi. Akabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Alikaa mikono mapajani. Msimamizi alipiga miayo. Maandishi meupe yakaanza kupanda, mstari baada ya mstari, kisha mashine ikamwomba nenosiri. Aliingia, akakagua. Watumiaji wapo. Huduma ipo. Diski ya kwanza ipo. Diski ya pili, ile inayotoka kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, haipo.

Alisoma kumbukumbu za mashine, na hata kabla hajafika mwisho alikwisha kujua. Imeamka, imeita watu, imekuta wamelala. Nusura acheke kwa sauti mle ndani. Aliiagiza diski ile ingoje mtandao kwanza, akapumua, akazima na kuwasha tena. Safari hii aliitazama saa badala ya skrini, kwa sababu skrini ilimtisha zaidi. Mashine ilipoamka vyote vilikuwa mahali pake. Muda ulipokwisha aliinuka, akamshukuru msimamizi, akatoka, safari hii akitembea polepole.

Majibu yalimkuta chini ya meza ya dada wa madai. Panya alikuwa ametafuna waya wa mtandao, naye alikuwa amelala chali akifunga mpya, simu ikatikisika mfukoni. Aliitoa, akaisoma hapohapo gizani, mwanga wa skrini ukimmulika usoni. Amefaulu. Alikisoma kila kipengele. Kisha akaiweka simu kifuani na kutulia.

Dada wa madai aliona miguu haisogei. "Wewe, umepigwa na umeme?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Nimefaulu."

Dada wa madai aliinama, mkufu ukining'inia, akachungulia. Alipoona kweli ni machozi ya furaha, alipiga magoti na gauni lake safi, akatambaa akaingia chini ya meza, na wakakumbatiana humohumo kati ya nyaya na vumbi, mteja wa kwenye foleni akisimama kwa ncha za vidole kuona ofisi imekwenda wapi.

Kinyozi alipopigiwa simu kiapo kilikuwa kimekwisha muda wake. Alitoka mbio barabarani na mashine ya kunyolea mkononi, akimwambia kila anayepita, na mteja aliyebaki kitini nusu ana nywele nusu hana ilibidi avumilie. Mama mkwe yeye hakusema mengi. Alisema kwenye simu, "Alhamdulillahi, anapumua," na sauti yake ikapasuka.

Bwana Sweta alitimiza ahadi. Alishuka mwenyewe hadi kwa mkurugenzi na kile cheti, na kiti kikawa cha Zima-Washa kabla hesabu hazijafungwa. Naye akanunua sweta ya rangi ya chungwa. Jumatatu ya kwanza alipanda ghorofa ya juu, akapewa ufunguo wa mlango wa chuma, akakaa.

Akakaa sana. Simu haikulia. Alikagua hili na lile, akasoma kumbukumbu, akaona taa za kijani zinakonyeza, na simu haikulia. Kwa mtu aliyezoea kuitwa tangu asubuhi hadi jioni, kimya kile kilikuwa kama kutengwa. Alijaribu kuinua simu kusikiliza kama ni nzima. Ilikuwa nzima.

"Watu wamepatwa na nini?" alimuuliza Bwana Sweta.

"Hawajapatwa na kitu," alisema Bwana Sweta bila kuinua macho. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Hakuridhika. Alivua sweta, akashuka ghorofa moja, akashuka nyingine. Wahasibu walikuwa wanaingiza mishahara, wanabishana kuhusu mpira. Printa ya ukumbini ilikuwa inatoa karatasi moja baada ya nyingine bila kuzitafuna. Kwenye dirisha la madai mama mmoja aliyeunguliwa na duka alikuwa analetewa faili lake, lote limo, picha na risiti, na dada wa madai anamwonyesha pa kutia sahihi. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyejua kwamba yeye yupo, wala kwamba ziko mashine mahali fulani juu ya vichwa vyao, zinawashikilia wote. Alisimama ukumbini, furaha ikampanda taratibu kutoka tumboni hadi machoni, furaha ya namna ambayo hakuwahi kuipata alipokuwa akipigiwa makofi.

Dada wa madai aliinua kichwa hatimaye, akamwona.

"Umekuja kurekebisha nini?"

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Nimekuja kuwaona mnavyofanya kazi."